Paulo Aliokota Kuni

Somo la juma hili: Matendo ya Mitume 28:1–10



Jumanne asubuhi nilikwenda bandarini hapa Bujumbura kumtafuta kijana mmoja wa kwaya yetu anayepakua mizigo, maana siku tatu hakuonekana mazoezini. Mvua ilinikuta nimeshavuka geti. Mnaijua mvua ya hapa kwetu, inavyoanzia milimani upande wa Uvira na kuvuka ziwa kama pazia, na ikishafika huna pa kukimbilia ila chini ya paa lililo karibu. Tulijibanza kwenye baraza ya ghala: makuli kumi hivi, madereva wawili wa malori, mama mmoja wa kanisa letu anayeuza uji pale getini, na Mchina mmoja, fundi wa mitambo, ovaroli yake ya buluu imelowa mpaka magotini. Gatini ilikuwa imefungwa meli ya saruji kutoka Mpulungu. Magunia yamefunikwa turubai, kazi imesimama.

Vijana wakaanza. Mmoja akatoa zile sauti mnazozijua, chi-cho-cha, wenzake wakaangua kicheko. Mwingine akawa anaita, "Mushinwa! Mushinwa!" kama mtu anayeita mbuzi aliyepotea. Yule bwana akatabasamu, tabasamu la mtu ambaye maneno hakuyaelewa ila nia ameielewa. Nami mchungaji wenu nilikuwa nimesimama pale pale, na nakiri mbele yenu kwamba sikusema kitu.

Aliyefanya jambo ni mama wa uji. Alimimina uji wa mtama kwenye kikombe cha plastiki, ungali wa moto wa kuunguza vidole, akampelekea kwa mikono miwili. Naye akaupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Hapo nilishtuka kidogo. Kwetu Burundi mtoto hufundishwa tangu mdogo kwamba kitu cha heshima hakitolewi wala hakipokelewi kwa mkono mmoja, na miaka yote hii nilidhani ni adabu yetu sisi. Kumbe na mama yake huko China alimfundisha vivyo hivyo.

Mama akamuuliza jina. Bwana yule alijua maneno machache ya Kiswahili cha kazini, na neno "jina" lilikuwa mojawapo. Alichovya kidole kwenye maji yaliyokuwa yakitiririka sakafuni, akachora kwenye saruji kavu mistari mitatu iliyolala na mmoja uliosimama katikati yake. Dereva mmoja, ambaye binti yake anasoma Kichina kwenye Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Burundi, akaitambua alama ile. Akasema hilo ni jina la ukoo, na maana yake ni mfalme.

"Basi mwami ameketi chini hapa," mama akasema, "na sisi tunamcheka."

Hakusema kwa ukali. Vijana wakanyamaza, na mmoja akamsogezea gunia tupu akalie.

Nilirudi nyumbani nikiwa na sura ya 28 ya Matendo kichwani, wala haijanitoka mpaka leo. Mnakumbuka habari yenyewe. Jahazi lenye watu 276 limevunjika, ngano imetupwa baharini, na waliokuwamo wametoka majini kwa kuogelea au kwa kung'ang'ania mbao. Wamefika Malta, kisiwa wasichokijua, mvua inanyesha na baridi ni kali. Luka anawaita watu wa kisiwa kile kwa neno la Kiyunani, *barbaroi*. Neno hilo lilizaliwa na dhihaka: Wayunani waliona usemi wa watu wengine hauna maana, unasikika bar-bar-bar tu. Ni ile ile chi-cho-cha ya ghala letu. Na hao waliochekwa kwa usemi wao ndio waliowasha moto, wakawakaribisha watu 276 wasiowajua, wengi wao wafungwa na askari.

Sasa mtazameni Paulo. Amesafiri nchi nyingi, amehubiri Athene mbele ya wenye elimu, amejitetea mbele ya maliwali na mfalme Agripa. Pale Malta jambo la kwanza tunaloambiwa alifanya ni kuinama na kuokota kuni. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Paulo hakungoja ya tatu. Mwili umelowa, miguu inauma, naye anatafuta vijiti vya kuongeza kwenye moto ambao si yeye aliyeuwasha.

Endeleeni kusoma mtaona jambo jingine, ambalo mimi mwenyewe nililipita miaka mingi bila kuliona. Kitabu cha Matendo kimejaa hotuba za Paulo, lakini katika habari za Malta hakuna hata moja. Nyoka anamng'ata, watu wanasema ni mwuaji. Hafi, wanasema ni mungu. Hakuwa lolote kati ya hayo. Baba wa Publio mkuu wa kisiwa ana homa na tumbo la kuhara damu; Paulo anaingia, anaomba, anaweka mikono, mzee anapona. Wagonjwa wengine wanakuja. Baada ya miezi mitatu wageni wanaondoka, na wenyeji wanawapakilia vitu vya safari. Siamini kwamba Paulo alinyamaza miezi mitatu. Haikuwa tabia yake. Ila Luka alipochagua ya kuandika, alichagua moto, kuni, homa iliyopona na mizigo ya safari.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa hili tuna sababu ya kulisoma somo hili polepole, maana Injili nasi ilitufikia kwa maji. Mwaka 1879 mapadri wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walifika Rumonge, kilomita sabini na kitu kusini mwa bandari yetu. Mei 4, 1881, mapadri Deniaud na Augier pamoja na mlei aliyeitwa D'Hoop waliuawa pale pale Rumonge. Ikapita miaka mingi kabla misheni za kudumu hazijaanzishwa, Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Upande wa Waprotestanti, Wapentekoste wa Sweden waliingia katika miaka ya 1930 wakitokea Kongo, na Waanglikana wakafika Buhiga na Matana. Wote hao walikuwa watu ambao babu zetu waliwacheka jinsi wanavyosema. Wote walihitaji mtu wa kuwapa maji ya kunywa na kuwafundisha kusema "amahoro" kabla hawajaweza kusema lingine lolote.

Nawaambia haya kwa sababu ya Wachina, na kwa sababu ya swali ambalo vijana wa umoja wetu waliniuliza mwezi uliopita: je, kanisa la Bujumbura lina kazi gani kwa watu wa China? Walitaka tuandae mkutano wa injili na vipeperushi vya Kichina. Niliwaomba wanipe muda. Hili ndilo jibu langu, na litaonekana limezunguka.

Kabla hatujauliza tutawapelekea nini Wachina, tujue walichokwisha kupelekewa, na kwa njia gani. Matteo Ricci, Mjesuiti kutoka Italia, aliingia Zhaoqing mwaka 1583. Alivaa kwanza vazi la watawa wa Kibuddha, kisha, alipoelewa vizuri zaidi ni nani wanaoheshimiwa katika nchi ile, akavaa joho la wasomi. Alisoma vitabu vyao mpaka akaweza kuandika kwa lugha yao, na ilimchukua hadi mwaka 1601 kuruhusiwa kukaa Beijing. Robert Morrison, Mprotestanti wa kwanza, alifika Guangzhou mwaka 1807. Wakati ule Mchina aliyemfundisha mgeni lugha yake alihatarisha uhai wake. Morrison alijifunza hivyo hivyo kwa siri, na mtu wake wa kwanza, Cai Gao, alimbatiza mwaka 1814. Miaka saba, mtu mmoja! Mchungaji wa siku hizi angeitwa na wazee wa kanisa ajieleze. Biblia nzima ya Kichina aliyoifanyia kazi na mwenzake ilikamilika kuchapishwa mwaka 1823.

Hao waliokota kuni. Halafu ikaja meli ya aina nyingine. Uingereza ilipigana na China tangu 1839 ili biashara ya kasumba isifungwe, na kwenye vita ya pili Ufaransa ikaungana nayo. Mikataba iliyosainiwa baada ya kushindwa kwa Wachina ndiyo iliyowapa wamisionari ruhusa ya kuingia hadi bara. Injili ikapita kwenye mlango uliobomolewa kwa mizinga. Pale Guangzhou kuna kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, la mawe matupu, ndiyo maana wenyeji huliita Shishi, nyumba ya mawe. Lilijengwa kati ya mwaka 1863 na 1888, kwenye kiwanja kilichokuwa na makao ya gavana mkuu wa Kichina, makao yaliyoharibiwa katika vita hiyo ya pili. Ukiwa Mchina na unajua historia yako, unapoingia mle kusali unapita juu ya kumbukumbu hiyo. Haishangazi kwamba kwa muda mrefu waliopokea ubatizo walionekana na ndugu zao kama watu waliouza uchina wao.

Baada ya mapinduzi ya 1949 wamisionari wa kigeni waliondoka au waliondolewa katika miaka michache. Waprotestanti wa China walikadiriwa wakati huo kuwa chini ya milioni moja. Tangu 1966, katika miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, makanisa yalifungwa, Biblia zikachomwa, wachungaji wakapelekwa mashambani na gerezani. Ulaya na Marekani wapo walioandika kwamba kanisa la China limekwisha. Mwaka 1979 milango ilipoanza kufunguliwa tena, walikutwa bibi na babu waliokuwa wakinong'ona zaburi jikoni miaka yote ile, na wajukuu wao pamoja nao. Serikali ya China yenyewe, katika waraka wake wa mwaka 2018, ilitaja Waprotestanti zaidi ya milioni 38 na Wakatoliki milioni 6, na hiyo ni hesabu ya serikali.

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa jinsi jambo kama hilo linavyowezekana. Waulizeni habari za miaka ya Rais Bagaza, kati ya 1976 na 1987. Wamisionari walifukuzwa kwa mamia, misa za siku za kazi zikazuiwa, seminari ndogo zikachukuliwa na serikali, na vikundi vya Yaga Mukama, ambamo walei walifundisha kusoma na katekisimu vijijini, vikapigwa marufuku. Jina la vikundi hivyo ni sala, maana yake "sema, Bwana". Walipokatazwa kukutana hawakuacha kuomba, waliomba kwa sauti ya chini. Mama aliyemfundisha mtoto wake Baba Yetu gizani Gitega mwaka 1986 na bibi aliyemfundisha mjukuu wake gizani Henan miaka kumi na mitano kabla yake hawakujuana, wala hakuna aliyejua kwamba nchi ya mwenzake ipo. Kazi yao ilikuwa moja. Ndiyo maana naona uchungu mtu akisema anataka kumpeleka Mungu China. Wako huko watu wanaomjua Mungu kwa gharama ambayo wengi wetu tuliozaliwa baadaye hatujailipa.

Na gharama hiyo bado inalipwa. Makanisa yaliyoandikishwa chini ya Vuguvugu la Nafsi Tatu, jumuiya ya Waprotestanti inayotambuliwa na serikali, yanafanya ibada milango wazi, lakini chini ya uangalizi. Mengine hukutana majumbani na maofisini, na hali yao hubadilika kila mwaka. Katika mkoa wa Zhejiang, kuanzia mwaka 2014, misalaba mingi iliondolewa juu ya mapaa ya makanisa, hata ya yale yaliyoandikishwa. Mwaka 2019 mchungaji Wang Yi wa Chengdu alihukumiwa kifungo cha miaka tisa. Ombeni kwa ajili yao kwa majina, kama mnavyoombea wetu.

Kuna jambo dogo ningependa mlifanye mkifika nyumbani. Fungueni ukurasa wa mwanzo wa Biblia zenu, pale penye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma, muangalie ilichapwa wapi. Yangu ilichapwa China. Nanjing kuna kiwanda kiitwacho Amity, kilichoanzishwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Vyama vya Biblia vya dunia, na kufikia mwaka 2019 kilikuwa kimechapa nakala zaidi ya milioni 200, za Kichina na za lugha nyingi nyingine, za Afrika zikiwemo. Fikirini safari ya kitabu kama hicho: kinashonwa na mikono ya Kichina, kinavuka bahari hadi Dar es Salaam, kinapanda reli au lori hadi Kigoma, kinapakiwa melini pamoja na mabati na sabuni, kinashushwa na kijana wetu wa kwaya pale pale fundi alipochekwa. Tunalipokea Neno kutoka mikononi mwa watu ambao tunajiuliza kama tuwapelekee Neno.

Ndugu mmoja wa kanisa letu hufanya biashara ya vipuri na huenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka. Safari yake ya kwanza alikuwa mpweke kiasi cha kulia. Jumapili mwenzake kutoka Kenya akampeleka Shishi, kwenye misa ya Kiingereza ya alasiri inayohudhuriwa na Waafrika wengi. Si Mkatoliki, wala Kiingereza chake si kingi. Anasema alikaa benchi la nyuma, akiwa hajui wanaimba wapi, na bibi mmoja wa Kichina aliyeketi kando yake akamsogezea kitabu cha nyimbo, akaweka kidole kwenye mstari, akawa anakisogeza neno kwa neno mpaka wimbo ulipokwisha. Hawakusema lolote. Ndugu huyu amenieleza habari za kidole kile zaidi ya mara tano, na kila mara sauti yake hubadilika.

Anajua pia upande mwingine. Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipotanda, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli zao, wakalala kando ya barabara. Marafiki zake walikuwa miongoni mwao. Hakuna sababu ya kulificha hilo. Wala sitaki mtu aondoke hapa akidhani kumpenda Mchina ni kumnyamazia bosi anayedhulumu. Jirani zetu Rwanda, mwaka 2022, mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 20 meneja wa Kichina wa mgodi aliyewafunga wafanyakazi na kuwachapa viboko. Haki ilitendeka na tuishukuru. Anayewanyima vijana wetu posho yao tumwambie, awe Mchina, awe Mrundi, awe mzee wa kanisa. Lakini fundi aliyeketi juu ya gunia Jumanne hakumfukuza mtu Guangzhou wala hakumchapa mtu Rwanda. Alikuwa mtu aliyelowa.

Nao watazidi kuja. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilisaini mkataba na kampuni za Kichina wa kujenga reli ya kilomita 282 kutoka Uvinza hadi Musongati. Madaktari wao wamekuwa wakija kwa zamu tangu miaka ya 1980. Kule Gihanga wataalamu wao wamekuwa wakilima mpunga na wakulima wetu. Wengi wanaishi nyuma ya ukuta wa kambi, wanakula pamoja, wanaongea na watoto wao kwenye simu saa ambazo sisi tumelala. Wengine hawarudi. Dar es Salaam, mahali paitwapo Gongo la Mboto, kuna makaburi ya Wachina waliofia Tanzania, wengi wao wakijenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975. Mizigo yetu hupita karibu na pale. Nilifika mara moja. Mawe yamepangwa mistari, majina yameandikwa kwa alama zile za mistari iliyolala na iliyosimama, na sikuweza kulisoma hata moja.

Basi vijana wangu, vipeperushi tuviache kwanza. Sisemi msishuhudie. Nasema mjue mnamkaribisha nani. Mwanachama wa Chama cha Kikomunisti cha China haruhusiwi kuwa na dini, na kwenye kampuni za serikali yao wanachama ni wengi. Mtu kama huyo akija kuketi benchi la nyuma Jumapili kwa sababu ameisikia kwaya kutoka barabarani, halafu mmoja wenu akampiga picha na kuisambaza kwenye makundi ya simu kwa furaha, akiandika kwamba Mchina ameokoka, huenda akarudishwa kwao juma lile lile na asipate kazi tena. Mwacheni aketi. Mwacheni aondoke kabla ya sadaka akitaka. Msimsimamishe mbele ajitambulishe. Mungu anamfahamu bila picha.

Na wale wanafunzi wetu walioko China, na wafanyabiashara, wasijione kama wapelelezi wa Injili. Sheria ya kule, pamoja na kanuni mpya zilizoanza kutumika Mei 1, 2025, inawaruhusu wageni kusali pamoja mahali palipoidhinishwa, lakini inawakataza kuwahubiria Wachina na kuanzisha makanisa. Ukivunja sheria ile wewe utapandishwa ndege. Rafiki yako wa Kichina atabaki. Kabla ya kujiita jasiri, uliza ni nani atakayeulipia ujasiri wako. Lakini hakuna sheria inayokukataza kumwuguza mwenzako wa bwenini, au kurudisha chenji uliyozidishiwa, au kumwombea muuza duka ambaye hajui kama unamwombea. Paulo aliishi miezi mitatu Malta na hayo yalitosha kuandikwa.

Nina ombi moja tu la juma hili. Kila mmoja wenu anayefanya kazi na Mchina, bandarini, sokoni, barabarani au hospitalini, ajifunze jina lake. Lile alilopewa na wazazi wake, si "Mushinwa" wala "bosi" wala "Jackie". Muulize alitamke polepole, ukikosea acha akurekebishe, kisha mfundishe la kwako. Litakuwa gumu mdomoni. La Deniaud nalo lilikuwa gumu kwa watu wa Rumonge.

Alhamisi ndugu yetu wa vipuri alipita getini, mama wa uji akamuuliza Wachina husemaje "pole na kazi". Alifikiri kidogo. Kiingereza neno hilo hakina, akasema, lakini Kichina kinalo: *xinku le*. Hutamkwa karibu na "shinku la". Huambiwa mtu aliyefanya kazi ngumu, na ukilifungua ndani ni ukali na uchungu, kama pilipili na mwarobaini, yaani naona ulichopitia. Mama akalirudia mara tatu akikoroga sufuria. Makuli wakamcheka matamshi, naye akacheka pamoja nao, kisha akawaambia walirudie wao.

Kijana wetu wa kwaya nilimpata, alikuwa na malaria, sasa amepona. Ameniambia jana fundi bado yuko kwenye kreni ile ya pili, na kwamba saa nne, uji unapofika, huteremka.